Mvua ya Wasio Wanachama

1

Mara ya kwanza Kokushubira Ishengoma alidhani amekosea kuingiza mwaka. Akafuta, akaanza upya, akakaa akisubiri huku Darubini ikiupitisha mkataba katika miaka ishirini ya mbele, masika kwa masika, kiangazi kwa kiangazi. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na moja. Jibu likawa lile lile.

Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nane, nchi ya Dida ilikuwa kijani kwenye kioo. Mwaka wa tisa ikageuka rangi ya mfupa, na haikubadilika tena hadi mwisho.

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

Kokushubira alikuwa msomaji wa mikataba wa Jumuiya ya Maziwa, muungano wa nchi nane zilizolizunguka ziwa na milima yake. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya makao makuu mjini Bukoba. Kutoka dirishani aliweza kuwaona wachungaji wakiwa kazini, kilomita nne juu ya maji: vyombo vyeupe vyenye umbo la samaki sato, kila kimoja kikubwa kama uwanja wa mpira, vikielea kwa mistari. Vilikuwa mia sita kwa jumla. Vilipasha hewa joto, vikainua mvuke wa ziwa, vikaunyunyizia unga wa chumvi, kisha vikaliswaga wingu kama ng'ombe hadi mahali lilipotakiwa kunyesha.

Wakati wa utoto wake serikali zilikuwa zikiibiana mawingu. Waziri mmoja alipiga simu, na mvua ya jirani ikageuzwa njia usiku huo huo. Watu walipigana kwa ajili ya mawingu, wakafa. Mwishowe nchi hizo zikakubaliana jambo moja: hakuna mkono wa mtu utakaowaongoza wachungaji tena. Mkataba ungeandikwa, ungetiwa muhuri na pande zote, kisha maneno yake yangeingizwa ndani ya vyombo vyenyewe, navyo vingeyafuata hadi muda uishe. Zamani watu walisema kufunga mkataba kwa mazoea tu ya lugha. Siku hizi mkataba ulifungwa kweli, na hapakuwa na ufunguo.

Ndiyo maana kulikuwa na Darubini, mashine ya kuonyesha kila neno litazaa nini kabla halijafungwa. Na Darubini ilikuwa ya wanachama peke yao.

Dida haikuwa mwanachama. Ilikuwa nchi ya tambarare kaskazini, ya ngamia na mbuzi na watu milioni mbili. Jumuiya ilipoundwa, Dida iliachwa nje kwa kuwa haikuwa na mto wala ziwa la kuleta mezani. Sasa ilikuwa na kitu. Mitambo ya umeme iliyowalisha wachungaji ilikuwa imechakaa, imebakiwa na siku arobaini, na hakuna mahali penye jua la kuwatosha wote mia sita isipokuwa kwenye tambarare za Dida. Kwa hiyo yakafikiwa makubaliano: Dida itoe jua lake kwa miaka ishirini, Jumuiya iipe mvua kwa miaka ishirini.

Kokushubira akarudi kwenye kifungu cha kumi na tisa. Kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba iwapo mvua ya nchi mwanachama yoyote itapungua chini ya wastani, fungu la asiye mwanachama litaelekezwa kwa wanachama hadi upungufu utakapokwisha. Mtu yeyote angekisoma akaona ni cha haki. Mwenye nyumba hula kabla ya jirani. Lakini neno "wastani" lilifafanuliwa kwenye kiambatisho, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Wastani uliotajwa pale ulikuwa wa ile miaka kumi ya neema ambayo wazee waliisimulia, miaka ya mvua nyingi kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Ziwa lilikuwa likipungua kidogo kidogo tangu wakati huo. Baada ya miaka minane, wanachama wote wangekuwa chini ya wastani kila mwaka, na wangebaki hivyo.

Miaka minane ilitosha kwa watu wa Dida kuuza ngamia, kuchimba mifereji, kupanda, kujenga shule kando ya mashamba. Kisha wachungaji wangegeuka, na hata marais wote wanane wangekusanyika uwanjani kuwapungia mikono, wasingerudi.

Chini ya kioo Darubini iliandika idadi ya watu ambao hawangevuka mwaka wa kumi. Kokushubira aliisoma mara moja tu.

2

Mkurugenzi wa Mikataba, Bwana Ssenkubuge, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye aliwatengenezea wageni wake chai kwa mkono wake mwenyewe. Alimwekea kikombe mbele yake.

"Najua," alisema.

Kokushubira alikuwa amejiandaa kwa mengi, ila si kwa hilo.

"Unajua, Mkurugenzi?"

"Kiambatisho kile nilikiandika mimi. Hatujadanganya neno hata moja. Kipo, kimechapwa, wamepewa nakala wiki tatu zilizopita. Wana wanasheria."

"Hawana Darubini."

"Hawana, kwa sababu si wanachama." Alikaa. "Koku, mimi nilizaliwa mwaka wa njaa. Kwetu tulikuwa watoto sita. Mvua yetu ilichukuliwa na watu waliokuwa na sababu nzuri sana, nilizisoma baadaye kwenye majalada. Tulibaki wawili. Nilipopata kazi hii niliapa kwamba mvua ya watu wetu haitachezewa tena. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kazi ya kuwatazama watu wa Dida ni ya balozi wao."

"Watakufa, Mkurugenzi."

"Wasipopata mkataba watakufa mwaka huu. Hilo nalo umeliuliza kwenye Darubini?"

Alikuwa ameliuliza. Dida haikuwa imepata mvua kwa misimu mitatu, na bila mkataba nusu ya mifugo ingekwisha kabla ya mwezi wa tano.

"Ukisema, watatoka ukumbini na kurudi kwao mikono mitupu," Ssenkubuge akaendelea, kwa upole ule ule. "Wachungaji watashuka baada ya siku arobaini. Mama yako ana migomba Kamachumu, sivyo? Mwulize atafanya nini. Tukinyamaza, Dida inapata miaka minane mizuri. Katika miaka minane watu hujipanga."

"Hawatajipanga kwa jambo wasilolijua."

"Kunywa chai, itapoa." Akamtazama kwa muda. "Na uliapa. Anachokiona msomaji ndani ya Darubini ni siri ya Jumuiya. Sikukumbushi ili nikutishe. Nakukumbusha kwa sababu nakuheshimu."

Kokushubira hakuinywa chai ile. Alishuka ngazi taratibu, akashangaa kwamba hakuwa na hasira. Lau mtu yule angekuwa mwovu, mambo yangekuwa mepesi.

3

Adhuhuri ile alitoka kutafuta hewa kwenye bustani ya makao makuu, pale ukuta ulipokomea na mawe ya ufukwe kuanza. Kulikuwa na mama mmoja ameketi juu ya jiwe, amevua viatu, miguu ndani ya maji. Kilemba chake kilikuwa cheusi, na kitambulisho cha mgeni kilining'inia shingoni.

Alikuwa Balozi Qabale Elema, kiongozi wa ujumbe wa Dida. Kokushubira alimjua kwa picha.

"Shikamoo, Mheshimiwa Balozi."

"Marahaba, binti. Usisimame kama askari, keti." Kiswahili chake kilikuwa cha masoko ya mpakani, cha haraka na wazi. "Nimekuja kuyaona haya maji kabla sijatia muhuri. Nilikuwa nikiyasikia tu. Mimi nilizika ngamia arobaini na mmoja kwa misimu mitatu. Wa mwisho nilimpa jina, jambo ambalo sisi hatufanyi wakati wa kiangazi." Akakitazama kitambulisho cha Kokushubira. "Wewe ndiye msomaji?"

"Ndimi."

"Utatusomea kesho."

"Kama kanuni inavyotaka, Mheshimiwa."

Kanuni hiyo ilikuwa ya zamani kidogo, ya siku zile vita vya mawingu vilipokwisha. Kabla ya muhuri, mkataba ulipaswa kusomwa kwa sauti toka neno la kwanza hadi la mwisho, mbele ya pande zote. Upande wowote uliweza kumwuliza msomaji swali la maana, yaani neno fulani lina maana gani, na msomaji alipaswa kujibu yote anayoyajua. Jibu lake liliingia kwenye kumbukumbu kama sehemu ya mkataba. Kwa miaka kumi na mmoja Kokushubira alikuwa amesoma mikataba thelathini na minne, na swali pekee alilowahi kuulizwa lilikuwa la iwapo chakula cha mchana kitachelewa. Mara nyingi pande zote zilikubaliana tu mkataba uhesabiwe umesomwa, watu wakaenda zao.

Qabale Elema alikuwa akimtazama usoni.

"Kwetu makubaliano hayaandikwi," alisema. "Husemwa mkutanoni, na yule anayeyasema huchaguliwa na pande mbili, kwa sababu akisema vibaya amezikosea zote. Basi nikuulize kama ambavyo ningemwuliza huyo. Kama ungekuwa umezaliwa kwetu, ungeutia muhuri?"

Maji yaligonga mawe. Angani safu ya wachungaji ilikuwa ikipinda kuelekea Karagwe, na chini yao wingu lilikuwa limeanza kuwa zito.

Kokushubira alifikiria kiapo chake. Alifikiria migomba ya mama yake, na mama yake mwenyewe, mwenye miaka sabini na mitatu, ambaye bado aliipalilia kwa mkono. Alifikiria maneno ya Ssenkubuge kuhusu mwaka huu, na kwamba yalikuwa kweli. Angeweza kusema "ndiyo" na kuwapa miaka minane. Angeweza kusema "hapana" na pengine kuwanyima hata mmoja. Njia zote mbili zilimtaka yeye peke yake awachagulie watu milioni mbili, na wao hawajui hata kwamba wamechaguliwa jambo.

Hawakumtuma.

"Mheshimiwa," alisema polepole, "hapa siwezi kukujibu. Nimefungwa na kiapo." Akavuta pumzi. "Niulize kesho, ukumbini. Msikubali mkataba uhesabiwe umesomwa. Niache nisome, na nikifika kifungu cha kumi na tisa, niulize neno wastani lina maana gani."

Balozi alitoa miguu majini, akaikausha kwa ncha ya shuka yake, akavaa viatu kimoja baada ya kingine.

"Nimesikia," alisema.

4

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Mawaziri wanane walikaa upande mmoja wa meza, kila mmoja na bendera yake ndogo. Upande wa pili walikuwa watu watano wa Dida. Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Nyiramwiza, mama mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie, alifungua kikao.

Ssenkubuge akasimama mara moja. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mkataba una kurasa mia mbili na arobaini. Naomba, kwa ridhaa ya pande zote, uhesabiwe umesomwa."

"Upande wa Dida?"

"Tumesafiri siku nne," alisema Qabale Elema. "Tutasikiliza."

Mawaziri wawili wakaangalia saa zao. Ssenkubuge akamgeukia Kokushubira, akamtazama kwa muda mfupi, kisha akakaa. Alikuwa ameshaelewa.

Kokushubira akasoma. Alisoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha mpaka na vipimo, cha nyaya za umeme zitakapopita. Ilipokaribia saa sita alifika cha kumi na tisa. Akakisoma chote, akanywa maji.

"Swali la maana," alisema Balozi.

Karani wa kumbukumbu aliinua kichwa kama mtu aliyeamshwa.

"Neno wastani. Ni wastani wa miaka ipi, na katika mkataba huu litafanya kazi gani?"

"Pingamizi," alisema Ssenkubuge. "Msomaji amefungwa na kiapo cha Darubini."

Mwenyekiti Nyiramwiza alifunua kitabu chembamba cha kanuni, akasoma ukurasa mmoja, akaufungua mwingine. "Kanuni ya Usomaji inasema yote anayoyajua," alisema. "Kiapo nacho kinasema siri. Waandishi wa haya mawili hawakufikiri kwamba siku moja yatakutana." Akamtazama Kokushubira. "Sitakuamuru ujibu, na sitakuamuru unyamaze. Utakachofanya utakibeba mwenyewe."

"Nitajibu, Mheshimiwa."

Akawaambia. Hakupamba. Alitaja ile miaka kumi ya neema, akataja ukurasa, akataja mwaka wa tisa. Alipofika kwenye idadi ya watu, aliitaja mara moja kama alivyoisoma, kisha akakaa chini.

Mzee mmoja wa ujumbe wa Dida alifunga daftari lake. Waziri aliyekuwa karibu na dirisha alimwinamia Ssenkubuge akamwuliza kitu, na Ssenkubuge akajibu kwa sauti iliyosikika na wote, "Ni kweli. Na ni halali."

Kokushubira alingoja watu wa Dida wainuke watoke. Alikuwa ameuona mlango ule tangu jana, kila alipofumba macho. Lakini Qabale Elema hakusimama. Aliomba saa moja.

Waliporudi, alikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu.

"Hatukuja kugombana," alisema. "Mwenye nyumba kula kwanza ni desturi, hata sisi tunayo. Lakini jua tunalowapa halina kifungu cha kumi na tisa. Sisi tunatoa miaka yote ishirini, iwe kheri iwe shari. Kwa hiyo tunaleta mambo mawili, mchague. La kwanza: kifungu kibaki kama kilivyo, na chini yake kiandikwe kingine, kwamba siku mvua itakapogeuzwa, na jua letu litageuzwa. La pili: kifungu kifutwe, na mahali pake paandikwe kwamba upungufu utagawanywa kama mvua inavyogawanywa, kwa kipimo cha miaka iliyo karibu. Ikipungua kwenu kidogo, ipungue kwetu kidogo. Tumezoea kiangazi. Tunachoomba ni tusiachwe peke yetu ndani yake."

Akasukuma karatasi katikati ya meza.

"Na tunaomba Darubini ituonyeshe yote mawili. Hapa, sote tukitazama."

"Asiye mwanachama hajawahi kuiona Darubini," alisema waziri wa dirishani.

"Leo ameshaisikia," alisema Mwenyekiti. "Heri aione."

Kikaletwa kioo kikubwa. Kokushubira aliingiza maneno ya Balozi kama yalivyo. Kwa dakika kumi na moja kwa kila pendekezo, ukumbi mzima ulikaa ukitazama mvua ambayo bado haijanyesha.

Pendekezo la kwanza liliishia mwaka wa tisa. Mvua ya Dida iligeuzwa, umeme ukazimika, na katika miezi mitatu wachungaji walishuka mmoja mmoja juu ya maji. Baada ya hapo nchi zote tisa zikawa na rangi moja, ile ya mfupa.

La pili lilifika mwisho. Katika miaka mibaya zaidi, wanachama walipoteza mvua nne katika kila mia. Dida ilipoteza hivyo hivyo. Kijani kilififia, kikarudi, kikafifia tena, wala hakikufutika.

Ssenkubuge alikuwa amesogea karibu na kioo bila mwenyewe kujua. "Nne katika mia," alisema. "Rudia mwaka wa kumi na tatu." Kokushubira akaurudia. Akauliza mwaka wa kumi na saba, akauona nao. Alikuwa akitafuta njaa, na Kokushubira alielewa kwamba alikuwa akiitafuta kwa ajili ya ndugu zake wanne. Hakuipata.

"Kwa nini hatukulijaribu hili?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Hakuna aliyetuomba," alisema Ssenkubuge. Kisha akaongeza: "Na mimi sikufikiri kuuliza."

Mawaziri walipiga kura kwa kuinua mikono. Mikono saba iliinuka. Wa nane, yule wa dirishani, alisita, akatazama upande wa Dida, akainua wake.

Kokushubira alisoma kurasa zilizobaki huku sauti ikimkauka. Saa kumi na dakika ishirini jioni mihuri tisa ilitiwa, na maneno yakaenda juu. Ukumbi mzima ulitoka nje ukasimama kwenye majani ya bustani, mawaziri na makarani na wapishi pamoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha safu moja ya vyombo vyeupe ilijitenga na nyingine, ikageuza vichwa, ikaanza kuliswaga wingu kuelekea kaskazini, ambako wingu la Jumuiya halikuwahi kwenda tangu wachungaji waumbwe.

Mzee wa daftari alivua kofia. Mpishi mmoja alianza kupiga vigelegele, na wanawake wa jikoni wakampokea, na Balozi Qabale Elema, aliyekuwa hajatabasamu kwa siku nne, akavipiga kuliko wote. Kokushubira alijikuta analia na kucheka kwa wakati mmoja, akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyemjua.

5

Kamati ya nidhamu ilimhoji kwa siku mbili. Ilimkuta amevunja kiapo na ikamkuta ametii kanuni, ikabidi iandike yote mawili. Alipewa onyo, akaondolewa kwenye Darubini kwa miaka mitatu. Shahidi wa mwisho alikuwa Ssenkubuge. Alisema kwamba msomaji alifanya yale ambayo yeye angemkataza, na kwamba angekuwa amekosea kumkataza. Kabla mwaka haujaisha Baraza lilipitisha kwamba kila nchi inayotia muhuri, mwanachama au si mwanachama, itakaa mbele ya Darubini na kuuliza chochote inachotaka. Nchi nne zilizokuwa zimekataa kukanyaga Bukoba kwa miaka mingi zilituma wajumbe.

Mwaka wa tisa ulikuja kama Darubini ilivyosema, na kidogo zaidi. Ziwa lilishuka. Vuli ilichelewa wiki tano. Mahindi ya Karagwe yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, na huko Kamachumu mama yake Kokushubira alikata migomba iliyolala akawapa mbuzi majani. Watu walisimama nje ya makao makuu wakadai mvua ya Dida irudishwe. Wachungaji hawakusikia. Walichukua nne katika mia huku, nne katika mia kule, wakaendelea na safari zao.

Mwezi wa pili redio ilitangaza kwamba msafara ulikuwa njiani kutoka kaskazini. Kokushubira alipanda basi hadi Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera, akakuta nusu ya wilaya imefika kabla yake. Alimkuta Ssenkubuge pia, mstaafu sasa, amekonda, na mkongojo mkononi. Walisalimiana wakasimama bega kwa bega.

Malori yalikuwa sitini na mawili. Yalibeba mtama. Mtama hauhitaji mvua kama mahindi, na mashamba mapya ya Dida yalikuwa yameuvuna mwingi kuliko maghala yao yalivyoweza kuuchukua.

"Hili Darubini haikuonyesha," alisema Ssenkubuge. Alikuwa akihesabu malori kwa midomo, kama mtu anayeomba. "Niliikagua miaka yote ishirini. Sikuliona."

"Tuliiuliza habari za mvua tu, Mkurugenzi."

Lori la kwanza lilivuka daraja, likasimama. Mlango ukafunguka na mama mmoja mzee mwenye kilemba cheusi akateremka, akikataa mkono wa dereva. Umati haukujua umpokee vipi. Kokushubira akapita katikati yao hadi alipomfikia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, msomaji." Qabale Elema alimshika mabega akamtazama vizuri. "Umepata mvi. Mvua kwenu vipi?"

"Kidogo. Kwenu?"

"Kidogo."

Wakacheka, wote wawili, wakashindwa kuacha. Nyuma yao Ssenkubuge alikuwa ameshaegemeza mkongojo wake kwenye gurudumu na kuikunja mikono ya shati. Mtu akafungua bodi ya lori. Watu wakajipanga mstari kutoka darajani hadi kwenye ghala la kando ya barabara, na gunia la kwanza likaanza kupita mikononi.